Vijidudu Rafiki wa Tumbo na Mgonjwa wa Mionzi

Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

MWALIMU: Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu amekaa mahali ambapo sauti inamfikia. Wenye daftari na kalamu wawe nazo tayari. Leo sipo peke yangu. Nimekaa hapa na Bibi Muuguzi, ambaye kazi yake ni kuwatunza wagonjwa wa saratani, yaani ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Karibu, Bibi Muuguzi.

MUUGUZI: Ahsante, Mwalimu. Nawasalimu nyote, akina baba na akina mama.

MWALIMU: Kabla hatujaanza, kiongozi aandike ubaoni maneno manne. La kwanza ni mionzi. La pili ni utumbo. La tatu ni kijidudu. Vikiwa vingi tunasema vijidudu. La nne ni jipya tena refu, kwa hiyo tulisome kwa vipande: pro-bi-o-ti-ki. Probiotiki. Tutaeleza maana yake baadaye.

(Hapa darasa lisome maneno yote manne mara mbili kwa sauti.)

MWALIMU: Vema. Bibi Muuguzi, tuanzie wapi?

MUUGUZI: Tuanze na mfano. Tuseme yupo mama mmoja wa miaka 48, mkulima, ametoka bara, safari ya siku nzima mpaka Dar es Salaam. Amepatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Katika Tanzania hiyo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote. Amefika Ocean Road, hospitali ya saratani iliyo karibu na bahari, akaambiwa kwamba atapigwa mionzi mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa muda wa wiki 5. Halafu itafuata mionzi ya ndani.

Wiki ya kwanza inapita salama. Wiki ya tatu tumbo linaanza kumsokota. Anakwenda chooni mara tano, mara sita kwa siku. Chakula hakikai. Anawaza moyoni: "Nilikuja hapa kwa miguu yangu, na sasa kusimama ni taabu. Tiba hii inaniua." Anaona haya kumwambia mtu habari za choo. Basi alfajiri moja anafunga nguo zake, anatia katika kikapu, anakwenda kituo cha basi arudi kwao.

MWALIMU: Na akifika kwao?

MUUGUZI: Akifika kwao, tumbo litatulia baada ya muda, naye atafikiri kwamba alifanya vizuri kuondoka. Lakini saratani haikumalizwa. Madaktari hutaka tiba yote ya ugonjwa huu, mionzi ya nje na ya ndani, iishe katika muda usiozidi wiki 8 hivi. Ikichelewa zaidi ya hapo, tumaini la kupona hupungua. Kwa hiyo kuhara, ambako watu hukuona ni jambo dogo, kunaweza kumpotezea mtu maisha yake kwa njia ya kuzunguka.

MWALIMU: Basi, wasikilizaji, hilo ndilo shauri letu la leo. Kwa nini mionzi inayotibu saratani inaumiza tumbo? Na je, ni kweli kwamba vijidudu fulani vinaweza kulikinga tumbo hilo? Bibi Muuguzi, tueleze kwanza mionzi ni nini.

MUUGUZI: Mionzi tunayoisema ni nguvu inayopita mwilini bila kuonekana kwa macho. Haina harufu, wala mgonjwa hasikii maumivu inapopita. Mwaka 1895 mtaalamu wa Ujerumani aliyeitwa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, ile inayopiga picha za mifupa. Baada ya muda mfupi madaktari walianza kuitumia kutibu uvimbe. Lakini ubaya wake nao ulionekana mapema. Mwaka 1897, yaani miaka 2 tu baadaye, daktari wa Uingereza aliyeitwa David Walsh aliandika habari za maradhi ya tumbo yaliyompata mtu aliyekaa karibu na mionzi hiyo. Kwa hiyo jambo hili si geni. Madaktari wamelijua kwa zaidi ya miaka 120.

MWALIMU: Lakini kwa nini tumbo? Mbona mionzi haiumizi mfupa au misuli kwa haraka namna hiyo?

MUUGUZI: Swali zuri. Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo chembe hai, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizo huzaana kwa kujigawa: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Mionzi huziumiza zaidi chembe zinazojigawa upesi. Chembe za saratani hujigawa ovyo bila kikomo, na ndiyo sababu mionzi huziua.

Sasa fikirini kitalu cha miche. Jua kali likiwaka siku nyingi, mwembe mkubwa hausumbuki, lakini miche michanga hunyauka. Ndani ya utumbo mna kitalu cha namna hiyo. Ngozi ya ndani ya utumbo ina vidole vidogo sana vinavyonyonya chakula na maji. Chembe zinazovifunika vidole hivyo huchakaa na kubadilishwa zote kila baada ya siku 3 mpaka 5. Chembe mpya huzaliwa katika vishimo vidogo vilivyo chini ya vidole. Vishimo hivyo ndivyo kitalu.

MWALIMU: Na utumbo na kizazi ni majirani.

MUUGUZI: Ni majirani wa ukuta mmoja. Daktari hupima kwa uangalifu mkubwa ili mionzi iende penye saratani tu, lakini haiwezekani kuukwepa utumbo wote. Miche ikinyauka, vidole hupungua. Maji hayanyonywi vizuri, hupita moja kwa moja, na mtu anaharisha. Kwa kawaida hali hiyo huanza wiki ya pili au ya tatu, na kwa walio wengi hutulia wiki kadhaa baada ya tiba kwisha, kwa sababu miche huota tena. Wachache hubaki na taabu ya tumbo kwa miezi au miaka, nao wanahitaji kuendelea kumwona daktari.

MWALIMU: Wasikilizaji, shikeni neno hilo. Kuhara si dalili kwamba tiba imeshindwa, wala si dalili kwamba saratani imehamia tumboni. Ni kitalu kilichopigwa jua.

(Hapa kiongozi asimamishe kidogo. Mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake kwa nini mionzi huumiza utumbo.)

MWALIMU: Sasa tuje kwenye vijidudu. Miaka yote tumefundishwa kwamba vijidudu huleta maradhi. Leo tunaambiwa vipo vilivyo rafiki?

MUUGUZI: Vipo, Mwalimu. Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi viumbe wadogo wengi mno, ambao wataalamu huwaita bakteria. Hesabu yao inakaribia kulingana na hesabu ya chembe zote za mwili. Wengi wao hawana ubaya, na wengine wana faida. Hushika nafasi, kama mazao yaliyosongamana shambani yasivyoyaachia magugu mahali pa kuota. Hutengeneza ukali kama ule wa maziwa yaliyoganda, na vijidudu vingi vibaya haviupendi ukali huo. Tena husaidia kuulisha ukuta wa utumbo. Mionzi ikipiga tumbo, mji huo nao huvurugika: rafiki hupungua, na wabaya hupata nafasi.

MWALIMU: Ndipo watu wakawaza, kwa nini tusiwarudishe hao rafiki?

MUUGUZI: Ndivyo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1907 mtaalamu mzaliwa wa Dola ya Urusi ya zamani, Élie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliandika kwamba vijidudu vya maziwa ya mgando vinaweza kumsaidia mtu kuishi miaka mingi. Alikuwa akiwafikiria wakulima wa Bulgaria, ambao hunywa maziwa hayo sana. Si yote aliyoyasema yaliyothibitika, lakini wazo lake halikufa. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo walikubaliana juu ya maana ya neno letu la nne. Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha humletea faida ya afya.

MWALIMU: Wasikilizaji, tazameni maneno mawili hapo: "hai" na "kiasi cha kutosha". Pigeni mstari chini yake. Sasa, Bibi Muuguzi, wazo zuri ni moja, na ushahidi ni mwingine. Je, imejaribiwa?

MUUGUZI: Imejaribiwa. Kwanza kwa panya. Mwaka 2012 wataalamu wa mji wa St. Louis, Marekani, waliandika kwamba waliwapa panya vijidudu vya jamii ya Lactobacillus kabla ya kuwapiga mionzi. Katika panya hao, vile vishimo vya kitalu vilivyosalimika vilikuwa vingi kuliko kwa panya wasiopewa.

MWALIMU: Lakini panya si mtu.

MUUGUZI: Kweli kabisa. Ndiyo sababu hatuwezi kuishia hapo. Watu hujaribiwa namna hii. Wagonjwa waliokubali hugawanywa makundi mawili kwa bahati, kama kupiga kura. Kundi moja hupewa vijidudu. Kundi la pili hupewa kitu kinachofanana navyo kabisa, lakini hakina kitu ndani. Mara nyingi mgonjwa hajui amepewa kipi, hata daktari anayemwangalia hajui. Mwisho hufunguliwa hesabu. Namna hiyo hakuna anayejidanganya kwa matumaini.

MWALIMU: Na hesabu zilisemaje?

MUUGUZI: Nitataja nne. Ya kwanza ilitoka Ufini mwaka 1988. Wanawake 24 waliokuwa wakipigwa mionzi ya nyonga walishiriki, na waliopewa vijidudu hai waliharisha kidogo kuliko wenzao. Lakini watu 24 ni wachache.

Ya pili ilitoka Italia mwaka 2007. Wagonjwa walikuwa 490. Katika kila watu 100 waliopewa kitu kisicho na dawa, 52 hivi waliharisha. Katika kila watu 100 waliopewa mchanganyiko wa vijidudu, 32 hivi waliharisha.

MWALIMU: Yaani katika kila 100, watu 20 hivi waliepuka taabu.

MUUGUZI: Naam, 20 waliepuka, lakini 32 waliharisha vile vile. Ya tatu ilitoka Thailand mwaka 2010, kwa wanawake 63 wenye saratani ya mlango wa kizazi, kama mama wa mfano wetu. Walianza kupewa vijidudu wiki moja kabla ya mionzi. Kuhara kwa kiasi cha kusumbua kuliwapata 45 katika kila 100 wa kundi lisilopewa, na 9 tu katika kila 100 wa kundi lililopewa.

MWALIMU: Hizo ni habari njema. Na ya nne?

MUUGUZI: Ya nne ilitoka Hispania mwaka 2008, kwa wanawake 85. Wao walipewa kinywaji cha maziwa yaliyogandishwa chenye vijidudu. Matokeo yake hayakuwa kama yale mengine. Kinywaji hakikuonyesha kwa uhakika kwamba kinapunguza kuhara. Faida iliyoonekana ni kwamba choo chao hakikuwa chepesi sana kama cha wenzao.

MWALIMU: Sasa mkulima anayesikiliza atauliza: Italia na Thailand wanasema ndiyo, Hispania wanasema si sana. Nimwamini nani?

MUUGUZI: Amwamini yule anayezitazama zote pamoja. Aina za vijidudu zilikuwa mbalimbali, na viasi vilikuwa mbalimbali. Waliozikusanya hesabu nyingi na kuzipima mwaka 2018 walisema kwamba vijidudu huenda vikasaidia kuzuia kuhara, lakini ushahidi bado si wa nguvu. Na umoja wa kimataifa wa madaktari wanaoshughulika na kumpunguzia mgonjwa wa saratani taabu za tiba umetoa shauri kwamba probiotiki zenye Lactobacillus zaweza kutumiwa kukinga kuhara kwa wenye saratani ya nyonga. Hilo ni shauri, si amri.

MWALIMU: Nami nina swali la nyumbani. Sisi tuna maziwa ya mgando tangu zamani. Wamasai wana vibuyu vyao, na Wakalenjini wa Kenya wana mursik. Je, hizo si probiotiki? Mama yetu asinywe tu mtindi wake?

MUUGUZI: Hapo, Mwalimu, sikilizeni vizuri, kwa maana ndipo watu wanapopotea. Maziwa ya mgando yana vijidudu vya jamii ya Lactobacillus, na kwa mtu mzima wa afya ni chakula bora. Lakini kuna tofauti tatu kati ya kibuyu na dawa iliyopimwa.

Kwanza, aina. Katika kibuyu hiki kuna vijidudu hivi, katika kibuyu kile kuna vingine. Pili, hesabu. Hakuna aliyevihesabu. Tatu, usafi, na hili ndilo kubwa. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa ule unaofanya ng'ombe watupe mimba na kumpa mtu homa za kurudi-rudi. Yanaweza kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Kuganda kwa maziwa si dawa ya kutegemea ya kuviua vijidudu hivyo.

MWALIMU: Lakini nikichemsha mtindi, si nitawaua na hao rafiki?

MUUGUZI: Utawaua wote. Kwa hiyo kumbuka utaratibu: chemsha kwanza, gandisha baadaye. Chemsha maziwa mpaka yafure kweli. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Ndipo utie kijiko cha mtindi safi, ambao nao ulitokana na maziwa yaliyochemshwa. Funika, weka mahali pa joto mpaka yagande. Chombo kioshwe kwa maji ya moto.

MWALIMU: Na mgonjwa wa mionzi anaweza kunywa hayo?

MUUGUZI: Amwulize daktari wake kwanza. Tiba ya saratani, hasa mgonjwa anapopewa na dawa za kuua saratani pamoja na mionzi, inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Askari wakiwa wachache sana, hata kijidudu rafiki kinaweza kuvuka ukuta wa utumbo uliochubuka, kikaingia katika damu na kuleta ugonjwa mkubwa. Jambo hilo si la mara nyingi, lakini limetokea. Daktari akitazama kipimo cha damu ndiye atakayesema kunywa au ngoja. Hali ni hiyo hiyo kwa vidonge vya probiotiki vinavyouzwa madukani. Usinunue na kumeza kwa siri.

MWALIMU: Basi tumpe mama yetu mashauri, moja moja, ili darasa liandike.

MUUGUZI: La kwanza: kabla ya kuanza mionzi, amwulize daktari, "Je, naweza kutumia probiotiki? Aina gani? Tangu lini?" Wale wa Thailand walianza kabla, si baada ya tumbo kuharibika.

La pili: siku ile ile anapoanza kuhara, aseme. Asione haya. Aeleze mara ngapi, na kama kuna damu. Sisi wauguzi tunasikia habari za choo kila siku, nazo ndizo zinazotuonyesha njia. Zipo dawa za kuzuia kuhara, na daktari atampa.

La tatu: anywe maji. Kama hakuna paketi ya dawa ya maji ya kuhara, achukue lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, atie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila kilima. Anywe kidogo kidogo. Kama maziwa yasiyogandishwa yanamzidishia kuhara, ayaache kwa muda.

La nne: akipata homa, au damu katika choo, au kutapika kusikokoma, au mkojo ukiwa haba, aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

La tano, na hili liandikwe kwa herufi kubwa: ASIACHE MIONZI KWA SHAURI LAKE MWENYEWE. Ikibidi kupumzika siku moja au mbili, daktari ndiye apange.

MWALIMU: Ahsante sana, Bibi Muuguzi. Wasikilizaji, turudi kwa mama yule kituoni. Basi halijaondoka bado. Kikapu kiko miguuni pake. Tuseme ameketi karibu na mtu mmoja aliyesikiliza somo hili. Mtu huyo hahitaji kuwa daktari. Anahitaji kumwambia maneno machache tu: "Dada, ni kitalu kimepigwa jua, kitaota tena. Turudi, ukamwambie muuguzi." Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

MUUGUZI: Na asimwambie, "Acha mionzi, kunywa mtindi utapona." Vijidudu rafiki, hata vikisaidia, ni walinzi wa tumbo. Havitibu saratani.

MWALIMU: Hapo ndipo tunafunga somo. Kiongozi, soma maswali yafuatayo, na kila mtu ajaribu kuandika jibu moja.

MASWALI

1. Kwa nini mionzi huumiza utumbo upesi kuliko mifupa?
2. Probiotiki maana yake nini? Taja yale maneno mawili tuliyopigia mstari.
3. Katika majaribio ya Italia, ni watu wangapi katika kila 100 walioharisha ingawa walipewa vijidudu? Jibu hilo linatufundisha nini?
4. Kwa nini tunasema "chemsha kwanza, gandisha baadaye"?
5. Jirani yako anataka kuacha mionzi kwa sababu ya kuhara. Andika mistari mitatu ya kumwambia.

Kazi ya nyumbani: kabla ya somo lijalo, mweleze mtu mmoja ambaye hakusikiliza redio leo habari za kitalu na jua. Akikuuliza swali usiloweza kulijibu, liandike, ulilete darasani.

MWALIMU: Kwaherini, wasikilizaji. Tukutane katika somo lijalo.